Shajara ya Azima: kufufua programu ya Objective-C

Siku ya 1

Nimekabidhiwa folda yenye faili 31, mistari elfu nne na ushee. Ndani yake mna programu ya Mac iitwayo Azima: inaandika kifaa gani kimeazimwa, nani kakichukua na lini kinatakiwa kurudi. Iliandikwa mwaka 2009 kwa lugha ya Objective-C. Aliyeiandika ameshaondoka, na maelezo aliyoyaacha ni sentensi mbili, moja ikiwa ya shukrani.

Shida iliyonileta ni moja. Ripoti ya vifaa vilivyochelewa inaonyesha sufuri kwenye safu ya siku, kwa kila kifaa, hata kile ambacho kila mtu anajua kimekaa nje miezi mitatu. Programu haianguki, haitoi onyo, haiandiki kosa popote. Sufuri tu, zimejipanga wima kama shanga.

Python nimeizoea, Java najikongoja, C niliwahi kuisoma nikaisahau. Objective-C nilikuwa nikiisikia tu. Nusu ya siku imeishia kwenye mipangilio ya Xcode, karakana ya Apple ya kujengea programu, mpaka folda ikakubali kujengwa. Hilo halina cha kusimulia.

Nusu ya pili nimeitumia kwa mabano ya mraba. Mstari wa kwanza nilioufungua ulikuwa huu:

```
[daftari ongezaKifaa:kifaa kwaMwazimaji:mtu];
```

Macho yangu yaliona orodha ya Python iliyoharibika. Siyo. Kilicho ndani ya mabano ni ujumbe: `daftari` ndiye mpokeaji, na jina la ujumbe ni `ongezaKifaa:kwaMwazimaji:`, pamoja na nukta pacha zake zote mbili. Jina limepasuliwa vipande na vigezo vimepachikwa katikati. Ukiusoma kwa sauti unasikika kama mtu anayeagiza: daftari, ongeza kifaa hiki kwa mwazimaji huyu. Baada ya saa moja nikaanza kuupenda mtindo huu. Katika Java ningeandika `ongeza(kifaa, mtu)` na kesho yake nisikumbuke kipi kinatangulia.

Neno "ujumbe" nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika mbele yangu. Mafunzo yote niliyopitia leo yanalisisitiza: hapa huiti funksheni, unatuma ujumbe. Sijaona bado tofauti hiyo inamfaidi nani.

Siku ya 2

Leo nilitaka kujua kwa nini kila kitu kinaanza na herufi NS. NSString, NSArray, NSDate, NSObject. Jibu limo kwenye historia ya lugha, na historia yenyewe inaeleza mengi kuliko nilivyotarajia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Brad Cox na Tom Love walivutiwa na Smalltalk, lugha iliyozaliwa kwenye maabara ya Xerox PARC, ambamo kila kitu ni objekti (kifurushi cha data pamoja na kazi zake) na objekti hutumiana ujumbe. Lakini walimwengu walikuwa wakiandika C. Badala ya kuwaambia watu waiache C, Cox aliipachika Smalltalk juu yake. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa programu ya kuugeuza msimbo huo mpya kuwa C ya kawaida kabla kompaila, mtafsiri wa msimbo kuwa lugha ya mashine, haijaugusa. Ndiyo maana msimbo wowote halali wa C ni halali pia kwenye Objective-C, na ndiyo maana faili hizi zina sura mbili: `for`, `if` na pointa (anwani za kumbukumbu) za C upande mmoja, mabano ya mraba na alama ya @ upande wa pili. Alama ya @ ni ya kuweka mpaka. C haikuwa na kazi nayo, kwa hiyo maneno mapya yalivikwa alama hiyo ili yasigombane na majina yaliyokuwapo: `@interface`, `@implementation`, `@end`, hata maandishi, `@"Nyundo"`.

Mwaka 1988 kampuni ya NeXT, iliyoanzishwa na Steve Jobs alipotoka Apple, ilipata leseni ya lugha hii na kujengea juu yake mfumo wa NeXTSTEP. Hapo ndipo NS ilipotoka. Apple ilitangaza kuinunua NeXT Desemba 1996, na herufi mbili za kampuni iliyomezwa zikahamia kwenye Mac, kisha kwenye simu za iPhone. Kivinjari cha kwanza cha wavuti, alichokiandika Tim Berners-Lee kule CERN mwaka 1990, kiliandikwa kwenye mashine ya NeXT kwa lugha hii hii.

Herufi za mbele si pambo. Objective-C haina namna ya kuzitenga klasi (vielelezo vya kuundia objekti) katika makundi yenye majina, hivyo klasi mbili zenye jina moja ndani ya programu moja ni ugomvi. Kila mtu huweka herufi zake. Mwandishi wa Azima aliweka AZ: AZKifaa, AZMwazimaji, AZDaftari. Apple husema herufi mbili ni za kwao na wengine watumie tatu, lakini sibadilishi klasi zote kwa ajili ya adabu.

Kila klasi ina faili mbili. Faili ya `.h` ni tangazo la mlangoni: klasi hii inaitwa nani, mzazi wake ni nani, inapokea ujumbe gani. Faili ya `.m` ni jikoni. Ujumbe wenye alama ya kutoa mbele yake hupokelewa na objekti moja moja. Wenye alama ya kujumlisha hupokelewa na klasi yenyewe. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa jambo gumu zaidi ya hapo.

Siku ya 3

Nimesoma AZKifaa yote. Hili ndilo tangazo lake, nikipunguza yasiyohusika:

```
@interface AZKifaa : NSObject {
    NSString *jina;
    NSDate *tareheYaKurudi;
    AZRatiba *ratiba;
}
@property (nonatomic, copy) NSString *jina;
@property (nonatomic, retain, setter=wekaTareheYaKurudi:)
    NSDate *tareheYaKurudi;
- (NSInteger)sikuZilizochelewa;
@end
```

Mstari wa `@property` ni ahadi kwamba sifa hiyo itakuwa na ujumbe wa kuisoma na wa kuibadilisha. Nukta nayo ni kificho cha ujumbe. Ukiandika `kifaa.jina = @"Nyundo"`, kompaila inaigeuza kuwa `[kifaa setJina:@"Nyundo"]`. Anayetoka Java anaweza kudhani amegusa kigeu moja kwa moja, kumbe ametuma barua.

Neno `copy` kwenye jina lina sababu. Kuna NSString isiyobadilika na kuna mtoto wake, NSMutableString, anayebadilika. Ukipokea maandishi bila kuyanakili, aliyekupa anaweza kuyahariri baadaye na jina la kifaa chako likabadilika nyuma ya mgongo wako. Nilijaribu kwa kusudi: nikaondoa `copy`, nikaongeza neno mwishoni mwa maandishi yale baada ya kuyakabidhi, na nyundo ikawa "Nyundo kubwa" bila kifaa kuambiwa lolote. Nikairudisha haraka.

Mwandishi huyu alikipenda Kiswahili, nami nampongeza. Hata neno `set` hakulitaka, ndiyo maana aliandika `setter=wekaTareheYaKurudi:`. Lugha inaruhusu. Inapendeza kusoma.

Siku ya 5

Jana sikugusa kitu. Leo nimeingia kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na hapa programu ya mwaka 2009 inaonyesha umri wake.

Zamani mwandishi mwenyewe ndiye aliyehesabu. Kila objekti ina hesabu ya wanaoishikilia. Ukiiunda kwa `alloc`, hesabu ni moja. Ukiitumia ujumbe wa `retain`, inapanda; ukiitumia wa `release`, inashuka; ikifika sufuri objekti inafutwa. Kuna na `autorelease`, ambayo ni kama kusema "nitaiachia, ila si sasa hivi". Ukisahau kuachia, kumbukumbu inavuja. Ukiachia mara moja zaidi, unabaki na pointa inayoelekea kwenye kiwanja kilichobomolewa, na programu inaanguka mahali pengine kabisa, dakika kumi baadaye. Azima ina `release` 212. Nimezihesabu.

Tangu 2011 kompaila inaweza kuifanya kazi hiyo yenyewe. Utaratibu huo unaitwa ARC (Automatic Reference Counting): `retain` na `release` bado zipo, lakini kompaila ndiyo inayoziweka wakati wa kujenga. Hakuna mzoaji taka anayepita programu ikiwa inatembea kama kwenye Java. Nimeamua kuihamishia Azima huko, faili moja baada ya nyingine, maana Xcode inakuruhusu kuacha baadhi ya faili kwenye utaratibu wa zamani.

Na hapo ndipo niliponaswa. Kuna ujumbe uitwao `undaRipoti`. Unaunda objekti kwa `alloc` na kuirudisha ikiwa bado imeshikiliwa, hesabu ikiwa moja. Katika lugha hii kuna desturi yenye nguvu ya sheria: ujumbe ambao jina lake linaanza na `alloc`, `new`, `copy` au `mutableCopy` hukupa umiliki, na ni juu yako kuachia. Ujumbe mwingine wowote hukupa kitu cha kutazama tu. Kompaila inasoma majina hayo. Inajua `newRipoti`. `undaRipoti` kwayo ni jina kama jina jingine. Faili iliyohama iliipokea ripoti ikidhani si mali yake, faili isiyohama iliitoa ikidhani imekabidhi, na kila ripoti iliyochapishwa ikabaki kwenye kumbukumbu ikimsubiri mwenyewe.

Suluhisho lilikuwa rahisi: kuzihamisha faili zote mbili kwa pamoja, maana ARC ikiwa pande zote mbili inaelewana yenyewe. Lakini nimejifunza jambo la kuogopa. Huku majina yana kazi ya kisheria, na sheria imeandikwa kwa Kiingereza.

Siku ya 6

Fupi. ARC haitatui mduara. AZMwazimaji anashikilia orodha ya vifaa vyake, na kila kifaa kinamshikilia mwazimaji wake. Hata daftari likiwaachia wote, wao wanashikana mikono na hesabu haifiki sufuri kamwe. Dawa ni mmoja ashike kwa ulegevu:

```
@property (nonatomic, weak) AZMwazimaji *mwazimaji;
```

Sifa ya `weak` haipandishi hesabu, na objekti ikifutwa, sifa hiyo inageuka yenyewe kuwa `nil`, yaani hakuna kitu. Nimechagua kifaa kiwe ndicho chenye mshiko mlegevu, kwa kuwa mtu anaweza kubaki daftarini bila kifaa.

Siku ya 8

Leo karatasi niliyoibandika siku ya kwanza imenilipa.

Nilikuwa nasoma vifaa kutoka kwenye faili lililohifadhiwa. Kila kifaa kinakuja kama kamusi ya funguo na thamani, na thamani zote ni za aina ya `id`, yaani objekti yoyote ile. Nilidhani thamani ya "idadi" ni maandishi, nikaiomba urefu wake. Kompaila haikusema kitu. Programu ikatembea, kisha ikaanguka na ujumbe huu:

```
-[__NSCFNumber length]: unrecognized selector sent to instance
```

Ilikuwa namba, na namba haijui kitu kiitwacho `length`. Nilichotaka kuelewa ni kwa nini kompaila haikunizuia.

Mabano ya mraba yanageuzwa kuwa mwito wa funksheni moja ya C, `objc_msgSend`, inayopewa mpokeaji na jina la ujumbe. Jina hilo linaitwa selekta. Programu ikiwa tayari inatembea, funksheni hiyo inamuuliza mpokeaji: wewe ni wa klasi gani? Inatazama kwenye akiba ya klasi hiyo kama selekta imeshawahi kutafutwa. Isipoipata, inapekua orodha ya methodi za klasi (msimbo unaojibu kila ujumbe), kisha za mzazi, kisha za babu, hadi juu kabisa. Wote wakikosa, objekti bado inapewa nafasi za kujitetea: inaweza kuongeza methodi papo hapo, au kumwelekeza mpokeaji mwingine, au kuufungua ujumbe wote na kuamua la kufanya nao. Ikishindwa na hapo ndipo programu inapoanguka.

Kwa hiyo kuita na kutuma vinatofautiana hivi: funksheni inaamuliwa wakati wa kujenga, ujumbe unaamuliwa wakati wa kufika. Anayetuma hahitaji kujua mpokeaji ni nani. Kwa mtu wa Python hili si geni sana, lakini hapa linatokea ndani ya lugha yenye pointa za C na tangazo la aina kwa kila kitu, na ndiyo maana linakushtua. Aina unazoandika ni kama anwani juu ya bahasha: kompaila inazisoma na kukuonya, ila barua ikifika inamkuta yeyote aliyemo ndani ya nyumba.

Jambo hili hili ndilo linalofanya itifaki, yaani orodha za ujumbe ambao objekti huahidi kuupokea, zifanye kazi. Daftari lina msaidizi wake, objekti iliyoahidi kupokea habari vifaa vinaporudi. Baadhi ya ujumbe umewekwa chini ya `@optional`, na daftari linauliza kwanza kwa `respondsToSelector:` kabla ya kutuma. Kubisha hodi, basi.

Siku ya 9

Chujio la vifaa vilivyorudi lilikuwa linakosa vingine. Mwandishi alilinganisha `hali == @"imerudi"`. Alama hizo mbili za usawa hulinganisha pointa, si maandishi. Kilichomdanganya ni kwamba maandishi yaliyoandikwa ndani ya msimbo huwekwa mahali pamoja, kwa hiyo akijaribu na kifaa alichokiunda mwenyewe inakubali, ila yanayosomwa kutoka kwenye faili yana anwani nyingine. Nimeweka `isEqualToString:`. Mahali saba.

Siku ya 10

Nimekuwa nikiisafisha Azima kwa maandishi ya kisasa. Tangu 2012 orodha inaweza kuandikwa kwa ufupi, `@[a, b, c]`, badala ya `[NSArray arrayWithObjects:a, b, c, nil]`. Nilidhani ni kubadilisha sura tu. Nikabadilisha mistari ya ripoti, nikaendesha, programu ikaanguka papo hapo ikilalamika kuwa nimejaribu kuingiza `nil` kwenye orodha.

Nikarudisha msimbo wa zamani. Haikuanguka.

Nilikaa nao muda mrefu kabla ya kuona. Ule mtindo wa zamani unaitambua `nil` kama alama ya mwisho wa orodha. Ikitokea `b` ni `nil`, orodha inakatika hapo, inabaki na `a` peke yake, na hakuna anayelia. Ripoti ya Azima ilikuwa inakosa safu ya maoni kwa vifaa visivyo na simu ya mwazimaji, kwa sababu simu ilikuja kabla ya maoni. Miaka yote hiyo. Mtindo mpya unakataa kabisa, na kwa kukataa kwake umenionyesha kosa ambalo sikuwa nimetumwa kulitafuta.

Hapo nikaanza kumtazama `nil` kwa jicho jingine. Katika Java, kumwita asiyekuwapo ni kosa linalokurudia usoni. Katika C ni kuanguka. Huku, `objc_msgSend` kitu cha kwanza inachofanya ni kuangalia kama mpokeaji ni `nil`, na kama ndiye, inarudi ikiwa na sufuri. Ukitegemea objekti, unapata `nil`. Ukitegemea namba, unapata 0. Ukitegemea ndiyo au hapana, unapata NO. Mtume amekuta nyumba haina mtu, akarudi akasema: wamesema sufuri.

Sufuri.

Niliandika neno hilo saa nne usiku, nikazima kompyuta, sikulala vizuri.

Siku ya 11

Methodi inayohesabu siku ina mstari mmoja:

```
- (NSInteger)sikuZilizochelewa {
    return [ratiba sikuHadiLeo];
}
```

Nimeisoma mara ishirini wiki hii nikatafuta kosa ndani ya `sikuHadiLeo`. Humo hamna kosa. Nimesimamisha programu hapo kwa dibaga, chombo cha kuichungulia programu inapotembea, nikaandika `po ratiba` ili inionyeshe ratiba, ikanijibu `nil`. Ujumbe haukuwahi kufika popote.

Sasa kwa nini ratiba ni `nil`? Inaundwa mahali pamoja tu, ndani ya `wekaTareheYaKurudi:`. Ukiweka tarehe, kifaa kinajitengenezea ratiba yake. Na tarehe ipo! `po tareheYaKurudi` inaitoa vizuri. Tarehe imewekwa, lakini kiwekaji hakikufanya kazi yake. Nimeweka kituo cha kuisimamisha programu mwanzoni mwa `wekaTareheYaKurudi:` na kuanzisha programu upya. Haikusimama hata mara moja.

Kisha nikaandika kifaa kipya kwa mkono, nikakipa tarehe ya juzi. Ikasimama. Ripoti ikaonyesha 2. Nikafunga programu, nikaifungua, kifaa kile kile kikaonyesha 0.

Kwa hiyo vifaa vinakuwa na ratiba siku ya kuzaliwa, na vinaipoteza vikisomwa kutoka kwenye faili. Hata sababu ya kutogundulika inaeleweka: siku ya kuzaliwa hakuna kifaa kilichochelewa.

Siku ya 12

Nimelipata. Liko kwenye faili ya usomaji:

```
for (NSString *ufunguo in kamusi) {
    [kifaa setValue:[kamusi objectForKey:ufunguo]
             forKey:ufunguo];
}
```

Huu ni uwezo ambao lugha nyingi za ukoo wa C hazikuwa nao: kuiambia objekti ibadilishe sifa yake kwa kuitaja jina kama maandishi. Unawezekana kwa sababu ya yale ya siku ya 8. Jina la ujumbe linaweza kuundwa programu ikiwa inatembea. Ukituma `setValue:forKey:` kwa ufunguo "tareheYaKurudi", NSObject inatafuta methodi iitwayo `setTareheYaKurudi:`. Haiulizi tangazo la `@property` lilisema nini. Inachukua ufunguo, inakuza herufi ya kwanza, inabandika `set` mbele, inatafuta.

Nukta inaelewa `setter=wekaTareheYaKurudi:`, kwa sababu nukta inashughulikiwa na kompaila, na kompaila imesoma tangazo. Fomu ya kuandika kifaa kipya inatumia nukta. Usomaji wa faili unatumia ufunguo. Milango miwili ya nyumba moja, na mmoja haupiti kwa mlinzi.

Isipoipata methodi, NSObject haikati tamaa. Inatafuta kigeu cha ndani chenye jina hilo, inakikuta `tareheYaKurudi`, inaiweka tarehe humo moja kwa moja. Laiti mwandishi angekipa kigeu chake jina jingine kabisa, programu ingeanguka siku ile ile ikisema ufunguo haujulikani. Majina yalilingana mno, kosa likapita kimya. Ratiba nayo, kwa kuwa `alloc` husafisha kumbukumbu yote kuwa sufuri kabla ya kukukabidhi, ilibaki `nil` safi kabisa, si takataka ambayo ingeangusha programu. Kila hatua ya lugha ilijitahidi kuwa mpole.

Chini ya kitanzi kile kuna mistari 11 iliyofunikwa kwa alama za maoni. Ni usomaji wa awali, sifa moja moja, kwa nukta. Uliofanya kazi. Mtu fulani aliona kitanzi kinapendeza zaidi. Ningekuwa mimi, ningekiona hivyo hivyo.

Siku ya 13

Marekebisho yenyewe ni kufuta maneno `setter=wekaTareheYaKurudi:` na kuibadilisha methodi iitwe `setTareheYaKurudi:`. Inaniuma kidogo, maana jina la kwanza lilikuwa zuri. Lakini `set` hapa si neno tena, ni nusu ya anwani. Majina mengine yote ya Kiswahili nimeyaacha.

Nimeongeza mambo mawili ili kosa la aina hii lisikae kimya tena. Klasi ya AZKifaa sasa inajibu NO kwa `accessInstanceVariablesDirectly`, hivyo ufunguo usio na methodi utaleta kelele. Na ndani ya `sikuZilizochelewa` nimeweka `NSAssert` inayodai ratiba iwepo. Nimeanza pia kuandika `nonnull` na `nullable` kwenye faili za `.h`, alama zilizokuja mwaka 2015. Zinaiwezesha kompaila kuonya, hazizuii kitu programu ikishaanza kutembea.

Nimeulizwa kwa nini sikuandika yote upya kwa Swift, lugha ambayo Apple iliitangaza mwaka 2014. Swift ingenilazimisha kusema, kwa kila sifa, kama inaweza kukosekana, na kosa hili lisingepita mlangoni. Nakubali. Ila mtu anayeihamisha Azima bila kujua sufuri inatoka wapi angefika kwenye ratiba, angeulizwa na kompaila "na isipokuwapo?", na angeandika: rudisha 0. Programu ilikuwa ikifanya hivyo tayari.

Ripoti ya leo ina namba. Kifaa kilichokaa nje zaidi kina siku 97. Faili 6 bado zina `release` zake, ikiwemo ile ya kuchapisha, ambayo nimeifungua mara moja na kuifunga. Jumatatu.